Kipimo cha vinasaba, upupu au kidonge: pesa ya familia ianzie wapi?

Baba yangu alikuwa fundi cherehani Tanga mjini, na ugonjwa wake uliandikwa kwenye daftari la vipimo vya wateja kabla daktari yeyote hajautaja. Kurasa za mwaka 2014 zina herufi kubwa za mviringo: kiuno, kifua, mabega, urefu wa mkono. Za 2018 herufi zimekuwa sisimizi, na kila mstari unavyosogea kulia ndivyo zinavyozidi kusinyaa, mpaka "mabega" inaishia kuwa kijistari cha wino. Tulidhani ni macho. Tulimnunulia miwani mara mbili.

Sasa ana miaka 74, ugonjwa una jina, Parkinson, na kwenye kundi letu la WhatsApp kila mtu ana dawa yake. Kaka aliye Minnesota anataka kutuma kijisanduku cha kupima mate ili tujue kama jambo hili "limo kwenye damu yetu". Shangazi wa Muheza ameshachuma upupu na anauliza aulete lini. Binamu yetu wa Muscat ametuma video ya kliniki inayochoma sindano za seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine. Dada mkubwa, ambaye ndiye anayemwogesha baba, hajatuma kitu. Ameuliza tu vidonge vya mwezi ujao vitanunuliwa na nani.

Mimi nimepewa kazi ya kulinganisha kwa kuwa nilikaa dirishani kwenye duka la dawa miaka sita. Mimi si daktari, na mengi ya hapa chini nimeyapeleka kwa daktari wa baba kabla ya kuyaandika. Sikuyagawia nafasi sawa kwa sababu hayana uzito sawa.

Kabla ya yote, kapu la dawa zilizomo ndani

Parkinson haina kipimo cha damu cha kuithibitisha. Daktari anaangalia mwendo uliopungua kasi, halafu mkono unaotetemeka ukiwa umetulia, au misuli iliyokakamaa. Picha ya MRI mara nyingi hutoka safi, na kazi yake ni kuondoa shaka ya magonjwa mengine. Kwa hiyo jina la ugonjwa linategemea sana macho ya aliyekutazama, na hapo ndipo familia nyingi huteleza.

Zipo dawa zinazoweza kumfanya mtu aonekane ana Parkinson bila kuwa nayo, au zikamzidishia aliye nayo. Metoklopramidi, ambayo wengi tunaijua kwa jina la Plasil, ni mojawapo. Sinarizini, ile ya kizunguzungu, ni nyingine. Haloperidoli nayo imo. Naandika haya kwa aibu kidogo. Nimewapa wazee sinarizini mwezi baada ya mwezi na sikuwahi kumwuliza hata mmoja mkono wake ulianza kutetemeka lini. Na baba yangu mwenyewe, hospitali moja walimpa Plasil ya kichefuchefu huku kadi yake imeandikwa Parkinson. Siku mbili hakuweza kujigeuza kitandani.

Kwa hiyo hatua ya kwanza haigharimu kitu: kusanya dawa zote za mzee, pamoja na zile za majirani na zile zilizofungwa kwenye karatasi ya daftari, uziweke mbele ya daktari. Na kama mgonjwa ni kijana chini ya miaka 40, muulize daktari juu ya ugonjwa wa Wilson, ambao ni madini ya shaba kujilimbikiza mwilini. Unaweza kufanana na Parkinson, na huo una tiba yake.

Mate ya posta au damu ya kliniki

Ukitaja vipimo vya vinasaba Tanzania, watu wanamfikiria Mkemia Mkuu wa Serikali na mabishano ya baba wa mtoto ni nani. Hiki ni kipimo cha aina nyingine. Hapa anayesoma DNA anatafuta makosa ya tahajia kwenye jeni chache zinazojulikana kuhusiana na Parkinson.

Jeni hizo zina historia yake. Ya kwanza, SNCA, ilipatikana mwaka 1997 katika ukoo wenye asili ya kijiji cha Contursi, kusini mwa Italia, ambako ugonjwa ulipita kutoka kizazi hadi kizazi. PRKN ilitambuliwa mwaka 1998 kwa vijana wa Kijapani. LRRK2 ikafuata mwaka 2004. Kisha GBA1, ambayo iligunduliwa kwa njia ya mzunguko: madaktari waliokuwa wakitibu Gaucher, ugonjwa mwingine wa kurithi, waliona kwamba jamaa za wagonjwa wao wanapata Parkinson kuliko kawaida.

Sasa linganisha njia mbili. Kijisanduku cha mate unakinunua mwenyewe, unatema, unaposti, na majibu yanakuja kwenye simu. Kipimo cha kliniki kinaagizwa na daktari, kinasoma jeni zima zima, na kabla na baada yake unakaa na mshauri wa vinasaba anayekueleza maana. Mpango wa PD GENEration wa Parkinson's Foundation ya Marekani ni wa namna hii ya pili. Unasoma jeni saba, ni bure kwa wanaokubaliwa, na masharti yake ni kwamba mtu awe tayari ana Parkinson. Kaka yangu hana, kwa hiyo hapo hana nafasi. Ndiyo maana akakimbilia mate.

Ugumu wa mate ni huu. Ripoti ya Parkinson ya kampuni ya 23andMe, iliyoruhusiwa na mamlaka ya dawa ya Marekani mwaka 2017, ilijengwa juu ya mabadiliko mawili tu: G2019S ya LRRK2 na N370S ya GBA1. Yote mawili yanaonekana zaidi kwa Wayahudi wa Ashkenazi, na lile la kwanza pia kwa Waarabu na Waberberi wa Afrika Kaskazini. Sisi ni Wabondei kwa baba na Wadigo kwa mama. Kumpima Mbondei kwa orodha ile ni kutafuta funguo ulizoziangusha Pongwe ukiwa unamulika tochi Korogwe. Jibu litatoka "haijaonekana", kaka atafurahi, na tutakuwa hatujajua lolote.

Mwaka 2023 lilitokea jambo kubwa kwetu. Timu ya watafiti waliohusisha Nigeria, Uingereza na Marekani, miongoni mwao Njideka Okubadejo wa Chuo Kikuu cha Lagos na Mie Rizig wa London, walitangaza badiliko la GBA1 ambalo lipo kwa watu wenye asili ya Afrika na halikuwa limeonekana katika tafiti za Wazungu. Mwenye nakala moja hatari yake inakuwa kama mara 1.5 ya mwingine, na mwenye nakala mbili kama mara 3.5. Badiliko lenyewe limekaa kwenye kipande cha jeni ambacho vipimo vingi huruka bila kukisoma, kwa kuwa hakiandiki protini. Kwa hiyo mtu mweusi anayelipia kipimo leo aulize swali moja kabla ya kutoa pesa: je, badiliko lile la Afrika la GBA1 mnalisoma? Wakibabaika, rudisha pochi mfukoni.

Lipo na suala la siri. Kampuni niliyoitaja ilivunjiwa mtandao mwaka 2023, taarifa za watu wapatao milioni 6.9 zikaguswa, na Machi 2025 ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Kule aliko kaka, sheria ya 2008 iitwayo GINA inamzuia mwajiri na bima ya afya kukubagua kwa vinasaba vyako, ila haigusi bima ya maisha wala ya ulemavu. Nilimwambia, kaka, mate ukishayatema huyarudishi, na umetema ya watoto wako pia.

Nani basi apimwe?

Hapa nina msimamo. Anayeanza kupimwa ni mgonjwa. Jamaa mzima asianze. Ukimpima mgonjwa ukapata badiliko, ndipo ndugu wana kitu cha kutafuta. Ukimpima mzima bila kujua kilicho kwa mgonjwa, jibu tupu halina maana.

Pili, wagonjwa wengi hawana badiliko lolote kubwa la kuonyesha. Katika watu 8,301 wa kwanza wa PD GENEration waliopata majibu, waliokutwa nalo walikuwa 13 kwa mia. Mtoto wa mgonjwa, kwa ujumla, hatari yake ni kama mara mbili ya mtu wa kawaida, na mara mbili ya kitu kidogo bado ni kidogo. Hata mwenye G2019S yenyewe hana hukumu mkononi, kwani wapo wanaofika miaka 80 nayo wakiwa hawana dalili. Sergey Brin, mmoja wa waanzilishi wa Google, alitangaza mwaka 2008 kwamba anayo kama mama yake. Alichofanya baada ya kujua ni kuongeza mazoezi na kutoa pesa nyingi za utafiti. La pili hatuliwezi. La kwanza halihitaji kipimo.

Ningeweka pesa kwenye kipimo kama ugonjwa ulianza kabla ya miaka 50, au kama ndani ya ukoo wapo watatu wanne wa damu moja. Na lipo jambo ambalo sisi watu wa pwani, pamoja na ndugu zetu wa Ngazija na Oman, tunapaswa kulisema bila kuoneana haya: kuoana mabinamu. Jeni za PRKN, PINK1 na DJ-1 huleta ugonjwa pale mtoto anapopokea nakala mbovu kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Babu mmoja akiwa na nakala mbovu moja hatajua maisha yake yote. Wajukuu wake wakioana, kila mmoja anaweza kuwa ameibeba, na hapo kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kupata mbili. Familia ya namna hiyo yenye kijana wa miaka 32 anayeburuta mguu, kipimo cha kliniki kinaweza kumweleza mambo ya maana, ikiwemo kwamba ugonjwa wa PRKN huenda taratibu na kwa kawaida huitikia dozi ndogo.

Baba yetu alianza akiwa na miaka 66 au 67, na hakuna mwingine tunayemkumbuka. Na kipimo, hata kikipata kitu, leo hakibadilishi kidonge anachomeza. Kuna majaribio yanaendelea. Maarufu ni ambroksoli, dawa ya kikohozi, inayojaribiwa kwa sababu inagusa kimeng'enya, yaani protini ya kazi, kinachotengenezwa na jeni ya GBA1. Naona watu wataanza kuinywa kwa chupa, kwa hiyo niseme mapema: jaribio dogo la London lililochapishwa mwaka 2020 lilitumia miligramu 1,260 kwa siku. Dozi ya kikohozi ya mtu mzima ni kama 90. Hizo ni mara 14, chini ya uangalizi, na kwamba inasaidia ugonjwa bado haijathibitishwa.

Upupu na kidonge

Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu, kwa sababu shangazi ana hoja.

Upupu ni ule ule. Yule aliyewahi kukalia kiti cha darasani kilichomwagiwa unga wake hana haja ya kuelezwa. Kinachowasha ni vinyweleo vya ganda. Mbegu ndani yake ni jambo lingine: ina levodopa, ile ile dawa iliyomo kwenye kidonge cha Parkinson, kati ya asilimia 3 na 6 ya uzito wake. Wahindi katika tiba yao ya Ayurveda wameitumia tangu zamani, na mwaka 1937 wakemia wa India waliitoa levodopa kwenye mbegu hizo. Kidonge cha hospitali kilikuja baadaye sana, baada ya George Cotzias wa New York kuonyesha mwaka 1967 kwamba dozi kubwa za dopa zinawainua watu waliokuwa wamegandia kitini.

Shangazi alikuja nao mwenyewe. Aliyalowesha maganda kwanza ili vinyweleo visipeperuke, akajifunga khanga mpaka puani, akakaa upande unakotoka upepo. Mbegu akazikaanga kikaangoni bila mafuta mpaka zikaanza kupasuka, akazitwanga kwenye kinu, akachekecha. Unga wa kijivu, harufu ya kahawa iliyoungua. Alijua pia jambo ambalo wengi hawajui: Malawi, wanakouita kalongonda, wakati wa njaa huchemshwa mara nyingi na maji yakamwagwa kila mara ndipo uliwe. Anayemwaga yale maji anamwaga dawa.

Na utafiti upo, nao unamkubali shangazi nusu. London, 2004, wagonjwa wanane walipewa gramu 30 za upupu uliotayarishwa, na siku nyingine kidonge. Upupu ulishika baada ya dakika 35 hivi ambapo kidonge kilichukua 69, na nguvu yake ikakaa muda mrefu zaidi. Bolivia, 2017, wagonjwa 18, upupu uliokaangwa na kusagwa tu kama wa shangazi, dozi moja moja, matokeo hayakuwa mabaya kuliko kidonge. Watafiti wale waliuchagua kwa kuwa wagonjwa wa kule hawamudu dawa.

Nusu ya pili ndiyo inayonitia breki. Walipojaribu wiki 16 mfululizo, kati ya watu 14, saba waliacha: wanne kwa tumbo na kichefuchefu, watatu kwa kuwa mwendo ulizidi kuharibika. Sababu yake unaielewa ukitazama kidonge kina nini cha ziada. Kile kilichoandikwa 25/250 kina miligramu 250 za levodopa na 25 za karbidopa. Karbidopa hazitibu kitu. Levodopa ikifika kwenye ubongo hugeuzwa dopamini, kemikali ya kuendesha mwendo ambayo mgonjwa amepungukiwa. Kazi ya karbidopa ni kuzuia isigeuzwe mapema ikiwa bado tumboni na kwenye damu, ambako inaleta kichefuchefu na kushusha presha. Upupu hauna mlinzi huyo. Zile gramu 30 za London zilibeba kama miligramu 1,000 za levodopa kufanya kazi iliyofanywa na 200 za kidonge.

Halafu kipimo chenyewe. Kidonge cha leo na cha kesho ni kimoja. Upupu wa Muheza na wa Handeni, wa masika na wa kiangazi, uliokaangwa sana na uliokaangwa kidogo, nani anajua? Hata wa makopo. Marekani walipima bidhaa za upupu zinazouzwa, wakakuta levodopa kwenye dozi inayopendekezwa ni kuanzia miligramu 2 hadi 241. Mgonjwa wa Parkinson anaishi kwa saa: saa mbili kasoro anakauka, saa mbili na nusu anaweza kufunga vifungo. Dozi ikiyumba, siku nzima inayumba.

Kosa baya kuliko yote ni kuchanganya kimyakimya. Mzee anameza kidonge cha daktari asubuhi na kijiko cha shangazi adhuhuri, ni levodopa juu ya levodopa. Atacheza viungo bila kutaka, ataona watu wasiokuwepo, au atasimama presha ishuke aanguke. Daktari, asiyejua, atabadilisha dawa isiyo na kosa.

Wapo wanaoogopa kidonge wakisema "kinachosha mwili, tukitunze kwa ajili ya mbele". Utafiti uliolinganisha wagonjwa wa Ghana na wa Italia, uliotoka mwaka 2014, ulilijibu hilo. Waghana walianza levodopa wamechelewa, wastani miaka 4.2 tangu ugonjwa uanze, Waitalia miaka 2.4. Matatizo ya dawa kuisha nguvu na viungo kucheza yalifuata umri wa ugonjwa, si umri wa kumeza dawa. Aliyeisubirisha alipoteza tu miaka mizuri.

Basi kwangu kidonge mbele. Upupu ni wa asiyeweza kabisa kupata kidonge, na hata yeye awe na daktari anayejua anatumia nini na kiasi gani. Vidonge vikiisha mjini, usimwache mzee akate ghafla ukisubiri mwisho wa mwezi. Kukatika ghafla kunaweza kuleta homa kali na kukakamaa kunakoua. Hapo piga simu kwa daktari siku ile ile.

Jambo dogo linalookoa pesa: levodopa inagombania mlango wa kuingilia na protini. Ikimezwa juu ya ubwabwa na maharage inakwama. Tulipoanza kumpa baba nusu saa kabla ya chai, na nyama tukaihamishia usiku, dozi ile ile ikawa kama imeongezwa. Vidonge vya madini ya chuma navyo viwekwe mbali na saa hiyo.

Makopo na miguu

Virutubisho nitavipitia haraka kwa sababu kesi yake imekwisha. Koenzaimu Q10 ilijaribiwa kwa watu 600, mpaka miligramu 2,400 kwa siku: hakuna. Kreatini, watu 1,741: hakuna. Vitamini E, kwenye jaribio la watu 800: hakuna. Anayekuuzia kopo anajua au hajui, bei yake ni ile ile.

Mazoezi ni kinyume chake. Marekani watu 128 ambao hawajaanza dawa waligawanywa. Waliokimbia kwenye mashine mpaka moyo unafika asilimia 80 hadi 85 ya uwezo wake, kwa miezi sita, dalili zao karibu hazikusogea. Walioendelea na maisha ya kawaida walirudi nyuma. Tai chi, ule mchezo wa Kichina wa polepole, saa moja mara mbili kwa wiki, ulipunguza kuanguka kwa wagonjwa 195 wa Oregon.

Ila utafiti ninaoupenda ni wa kwetu. Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika watu wapatao 161,000 wakapata wagonjwa 33 wa Parkinson. Zaidi ya robo tatu hawakuwa wamewahi kuambiwa wana nini. Baadaye baadhi ya wagonjwa wa huko ambao hawajawahi kumeza dawa walifundishwa kutembea kwa kufuata kiashiria, mdundo au alama, vipindi tisa vya nusu saa ndani ya wiki tatu. Hatua zikarefuka na mwendo ukaongezeka. Bila kidonge hata kimoja. Ubongo uliopoteza mpigaji ngoma wa ndani unaweza kuazima wa nje.

Sindano za binamu

Seli shina si uongo kama sayansi. Mwaka 2025 yalichapishwa majaribio ya awali ya kupandikiza seli za kutengeneza dopamini ndani ya ubongo, watu wachache, wapasuaji wa ubongo, uangalizi wa miezi mingi. Kwenye video ya binamu mtu anachomwa mshipa wa mkono, anasimama, muziki unapigwa. Nikamuuliza, seli za kwenye mkono zitafikaje kule kichwani, na jaribio lao limeandikishwa wapi. Hajajibu. Jaribio la kweli halimtozi mgonjwa maelfu ya dola ili ajaribiwe.

Tulivyogawana

Kaka sasa analipia vidonge vya miezi mitatu mitatu, kwa sababu duka la karibu huishiwa. Pesa ya kijisanduku imekwenda kwa mtaalamu wa mazoezi tiba, mara mbili kwa mwezi. Damu ya baba ya vinasaba tumekubaliana itatolewa ukija utafiti wenye mshauri na unaosoma badiliko la Afrika, na awe ameridhia mwenyewe. Yeye amesema anaridhia, "wachukue, mradi wasiniulize tena tarehe ya leo". Shangazi hakurudi na unga wake. Ameuacha nyumbani, umefungwa, na daktari ameoneshwa. Siku alipokuja kumwona baba alileta badala yake jambo lingine: alisimama mlangoni akapiga makofi ya ngoma za harusi, taratibu, na baba, aliyekuwa ameganda kizingitini kama gari lililozima, akatoka.

Yule mtu wa mazoezi naye alituambia tuchore mistari sakafuni kutoka kitandani hadi chooni, baba awe anairuka mmoja mmoja. Dada alitaka kununua gundi ya rangi. Baba akasema kuna chaki. Akafungua saraka ya cherehani akatoa chaki yake ya fundi, ya bluu, na futi yake ya kamba, akapima mwenyewe sentimita 45 kati ya mstari na mstari huku dada amemshika kiuno. Ikipigwa deki inafutika. Kila asubuhi, dawa ikishashika, anadai apewe chaki.